Chumba Kisichotiwa Sabuni

Mke wa fundi cherehani alizaliwa na hasira zake, na hakuna aliyewahi kumfunga mdomo. Shuleni alimwambia mwalimu wa hesabu kwamba jibu la ubaoni ni kosa. Siku ya harusi yake alimkatiza baba mkwe katikati ya hotuba. Kazini, kwenye maabara ya kemia, wenzake walimwita Bi Matone, na jina hilo hakulikataa.

Matone yenyewe yalijaa kwenye bomba la kioo. Kila tone la maji lilikuwa dogo kuliko chembe ya mchanga, limevikwa unga laini mno uliolizuia lisiungane na jirani yake, kama donge lililoviringishwa kwenye unga wa ngano. Ndani ya tone kulikuwa na kichocheo. Mafuta yenye malighafi ya dawa yalimiminwa juu, yakapenya polepole kati ya matone. Malighafi iliingia humo, ikageuka, ikatokea chini ikiwa dawa. Hapakuwa na haja ya kukoroga. Adui alikuwa mmoja tu, sabuni. Ikiingia, inausukuma unga pembeni na matone yanamezana. Ndiyo maana vyombo vya chumba kile Bi Matone alivisuuza mwenyewe, kwa spiriti.

Siku hiyo wageni wa kiwanda cha dawa walikuwa wanakuja kuamua. Wakiridhika, chumba kinabaki chake. Wasiporidhika, Mkuu wa maabara anakigeuza stoo. Asubuhi Bi Matone aliingia akakuta bomba limekufa: mafuta juu, maji chini, unga umelala katikati kama takataka.

"Nani kagusa bomba langu?"

"Mimi," alisema Mkuu, bila hata chembe ya haya. "Matone yalikuwa makubwa kwa madogo, wageni wangetucheka. Nikatia sabuni kidogo tu, yapendeze."

"Sabuni? Mzee, bora ungenitemea mate usoni!"

"Punguza sauti, mama. Wageni wako njiani."

Aliuchuja unga, akausuuza kwa spiriti, akausuuza tena, huku akimtukana yule bwana kimoyomoyo na mara nyingine si kimoyomoyo. Wageni walimkuta ndiyo kwanza anamimina maji mapya ya kichocheo na mafuta mapya juu ya unga uleule ndani ya chupa. Akaitikisa chupa kwa hasira zote alizokuwa nazo. Mbele ya macho yao matone yakarudi, yakasimama.

"Kumbe yakivunjika yanarudi!" mgeni mmoja alisema. "Hilo ndilo lililokuwa linatutia wasiwasi."

"Ndiyo maana niliamua tuyavunje makusudi," Mkuu akadakia, meno yote nje. "Mjionee wenyewe. Si ndiyo, mama?"

Wote wakamgeukia. Akalitazama bomba, akakitazama chumba, akawaza stoo.

"Ndiyo," akasema.

Jioni mumewe aliinua macho kutoka kwenye cherehani. "Vipi, chumba?"

"Kimebaki."

"Si ndicho ulichokitaka? Sasa mbona umefura hivyo? Umegombana na nani?"

Akaubwaga mkoba chini.

"Na nani? Sijagombana na mtu!" alifoka, machozi yakimtiririka. "Nimenyamaza, baba watoto. Mimi! Nimenyamaza!"

Mumewe akaondoa mguu kwenye pedali. Hasira zake zote alizizoea, lakini hii hakuwahi kuiona.