Shokapu za Bi Mkunga

Watu wa Tanga husema Pemba si mbali, ukipanda juu siku isiyo na ukungu unaiona. Mimi sikuiona, na nilipoamua kwenda nikaifikia kwa kuzunguka. Nilitoka Korogwe juu ya lori la mkonge, nikafika Tanga, nikashika gari la kwenda Dar es Salaam, kisha stima ya Unguja. Unguja nikangoja katika nyumba ya wageni yenye kunguni wengi kuliko wageni. Chombo kilipopatikana kilinitapisha mpaka nyongo, na waliponiambia kwamba hapa ndipo Wete, nilitaka tu kukanyaga kitu kisichotikisika. Nilikuwa na sanduku moja la nguo na jingine la spana. La spana ndilo nililolilalia njia nzima.

Nilikuwa kijana wa kutotulia. Baada ya sekondari nilipata kazi ya ukarani, nikaiacha kwa sababu ya dirisha: lilitazama barabara. Ufundi niliujifunza kwa Kalasinga mmoja Tanga, na Pemba niliitwa na mfanyabiashara mwenye malori ya kubebea karafuu. Nilidhani nitakaa msimu mmoja. Nilikaa miaka, na hata sasa, nimekwisha kuingia arobaini na kuishi katika miji mingi mikubwa zaidi, nikisikia harufu ya karafuu zilizoanikwa miguu hutaka kunirudisha.

Pikipiki zilikuwa chache siku zile. Moja ilikuwa ya Bwana Dresa, aliyefunga vidonda hospitalini na kuzunguka vijijini na mkewe, mkunga mwenye cheti. Wete nzima ilimwita mke huyo Bi Mkunga. Mume aliendesha, mke akakaa nyuma kwenye keria, na sanduku lao la dawa na mikasi likaenda nao.

Asubuhi moja Bwana Dresa aliikokota ile pikipiki mpaka gereji.

"Fundi, Bi kaanguka tena," alisema. "Mteremko wa Wingwi. Mkono umeteguka."

"Mlikuwa mnakimbia?"

"Nikimbie wapi, yakhe, na mawe yale? Mkia ulikwenda kushoto, mie nikenda kulia, Bi akabaki kati na njia."

Alicheka, lakini si sana. Kaka mkubwa wa Bi Mkunga alikuwa amekwisha kutoa kauli: akianguka mara nyingine, safari basi. Bwana Dresa mwenyewe alikuwa ameapa kuiuza pikipiki kama haitatengenezeka. Na kaskazini, barabara zile, lori halikuwa la kutegemea. Mvua ikinyesha, lori hakuna kabisa. Huko Shumba kulikuwa na mke wa mvuvi aliyezika vichanga wawili, na sasa ana mimba nyingine, imekwisha kuwa kubwa. Alikuwa amemshika mkono Bi Mkunga akamwambia, "Safari hii nakutaka weye." Hilo ndilo lililomnyima Bwana Dresa usingizi, zaidi ya kauli ya shemeji yake.

Niliinama nyuma ya gurudumu. Shokapu za aina ile huwa na pete chini ya springi, yenye ngazi tatu. Unaizungusha kwa spana ya ndoano, springi inakaza au inalegea. Ya kushoto ilikuwa juu kabisa. Ya kulia ilikuwa chini kabisa, na inavuja mafuta.

"Nani kafanya hivi?"

"Mafundi wote," alisema Bwana Dresa, kwa fahari kidogo. "Bi anakaa upande, miguu yote kushoto. Uzito uko kushoto. Kwa hiyo kushoto kukazwe."

Mwanamke wa Pemba hakupanda pikipiki kwa kupanua miguu, asingethubutu hata kuwaza hivyo. Alikaa upande kama anavyokaa kitandani. Kwa hiyo hesabu ya mafundi ilikuwa na sura ya akili, na pikipiki zote za kisiwa zilizobeba wake za watu zilikazwa kushoto.

Nikamwambia, "Bwana Dresa, gurudumu ni moja. Shokapu mbili zinalibeba kama watu wawili wanaobeba kitanda cha mgonjwa. Mmoja akinyanyua na mwenziwe akishusha, nani ataumia?"

"Mgonjwa."

"Ndiye aliyeteguka mkono."

Ghalani kwa tajiri yangu kulikuwa na jozi mbili za shokapu kuukuu. Moja nene, ilitoka kwenye pikipiki iliyokuwa na kigari cha pembeni. Nyingine nyembamba, urefu wake sawa na zile za Bwana Dresa. Bwana Dresa akazikumbatia zile nene. "Unene ndio nguvu," alisema. Nikazisimamisha zote sakafuni, nikazilalia moja moja kwa kifua. Ile nene haikushuka. Ingekuwa kama kumkalisha Bi juu ya kinu. Ile nyembamba ilishuka taratibu, na nilipoondoka ikapanda bila haraka, kama mtu mzima anayeinuka kutoka sijda. Shokapu nzuri hujulikana kwa jinsi inavyorudi. Ikirudi kwa kuruka, imekufa, hata kama springi inang'aa.

Nikafunga zile nyembamba, pete zote mbili ngazi ya kati. Ikabaki kujaribu kwa uzito. Bi Mkunga asingekuja kukalia pikipiki gereji mbele ya wapakizi na madereva, na hakuna aliyemtarajia. Tukafunga gunia la karafuu kwenye keria, tukaendesha hadi nje ya mji na kurudi. Ilikwenda kama iko juu ya zulia. Bwana Dresa akaniombea dua kwa sauti.

Kesho yake alirudi uso umemshuka. "Nimempeleka Bi hospitalini tu, njia ya lami. Inatikisa mkia kama bata. Bi anasema bora atembee. Na Shumba wameleta salamu, yule mwanamke miguu imeanza kuvimba."

Hapo nilichanganyikiwa kweli. Shokapu nzima, zimekazwa sawa, mzigo ni ule ule. Nikamwomba jambo ambalo mgeni haombi upesi: nimwone Bi alivyokaa. Alifikiri, akasema nije kwao baada ya alasiri.

Nilisimama kando ya kisima, mbali ya adabu. Bi Mkunga alitoka na buibui lake, mkono mmoja umefungwa kitambaa, akaipokea shikamoo yangu, akaniuliza hali na habari za kwetu bara. Kisha mumewe akashika usukani, na yeye akapanda. Lakini kwanza alichukua sanduku la dawa akaliweka kati yake na mgongo wa mume. Sanduku likakaa kwenye nusu nzima ya keria. Bi akakaa kwenye ncha iliyobaki, karibu na taa ya nyuma.

"Bi, samahani," nilisema. "Sanduku huwa hapo siku zote?"

"Likae wapi? Au watu wa Wete wanione nimembana mwanamume mgongoni?"

"Si mumeo, Bi?"

"Mume wangu ndani. Barabarani huyu ni dereva."

"Na hanilipi," alisema Bwana Dresa.

Ikawa wazi. Gunia la karafuu halioni haya. Ukilifunga katikati linakaa katikati. Bi alikuwa akikaa nyuma kabisa ya ekseli, gurudumu la mbele likawa jepesi, mkia ukafanya utakavyo. Hakuna ngazi ya shokapu inayotibu hilo.

Sikubishana naye. Kama mtu anahitaji kitu kati yake na mwenzake, mpe kitu chembamba. Nilikunja nondo ikawa kishikio, nikakisimamisha nyuma ya kiti cha dereva na kukizungushia kamba ya usumba, Bi akishike badala ya kumshika mume. Sanduku nikalitengenezea kishubaka cha chuma upande wa kulia, likasawazisha uzito wa miguu yake iliyo kushoto. Chini ya miguu nikaweka ubao wa kukanyagia, buibui lisiende kwenye gurudumu. Bi akasogea mbele shibiri nzima bila kumgusa mtu.

Kisha tukarudi kwenye pete. Nilianza na ngazi ya juu, pande zote mbili. Wakaenda, wakarudi.

"Imenirusha kama bisi kaangoni!" alisema Bi kabla hawajasimama.

Nikashusha zote mbili hadi kati. Wakaenda tena, mara hii mpaka kwenye makorongo. Bi aliporudi alilipapasa lile sanduku, akatabasamu. Nikampa Bwana Dresa spana ya ndoano iwe yake: mkiwa wawili, kati, ukiwa peke yako, chini, na kulia na kushoto ziwe ngazi moja siku zote.

"Na mafundi wakinicheka?"

"Waambie wabebe kitanda."

Siku hazikuwa nyingi akaja mtu kwa baiskeli kutoka Shumba, ametapakaa matope mpaka kifuani. Uchungu umeanza, kabla ya wakati. Mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri. Kaka mtu, niliambiwa baadaye, alikuwapo barazani kwao. Alimtazama dada yake akipanda, akaitazama njia, akasogea kuwapisha. Walipita mbele ya gereji na mimi nikatoka nikiwa na grisi mpaka viwikoni. Niliangalia mkia tu. Walipofika penye tope la kona, ukayumba kidogo, ukarudi mahali pake.

Walikuja kesho yake mchana. Hawakuteremka.

"Fundi!" Bi aliita. "Mtoto kalia kabla sijavua viatu! Wa kike, na mama yake kala uji!"

Madereva wakashangilia kama timu yao imefunga bao. Ndani ya msimu ule pikipiki zote za waume wenye wake zilikuja gereji kulegezwa kushoto, na kila moja ilitaka kishikio.

Niliondoka Pemba kwa sababu zile zile zilizonileta, yaani bila sababu. Stima siku hiyo iliondokea Mkoani, nikapanda lori la abiria kwenda kusini. Kupita Chake nikasikia honi nyuma yetu. Dereva akasogea, na pikipiki ikatupita kwa ubavu, Bi Mkunga ameshika kishikio kwa mkono mmoja na buibui kwa mwingine.

Aliniona. "Ndo unakimbia, fundi?"

"Naenda zangu, Bi! Simameni tuagane!"

"Hatusimami! Kengeja kuna mtu anangoja!"

Kengeja hawakuwahi kwenda zamani. Ilihesabiwa mbali mno kwa mkunga wa Wete. Bwana Dresa aliinua kidole kimoja kutoka kwenye usukani, basi. Niliinuka juu ya mizigo kuwatazama wakishuka bonde na kupanda kilima cha pili, mpaka abiria mmoja akanivuta shati akaniambia nikae, nisije nikaanguka.