Eyðun na breki zinazogoma kuachia

Saa moja asubuhi, mvua inapiga dirisha kutoka ubavuni, na Eyðun Heinason yuko kwenye chumba cha chini ya nyumba yake mjini Vágur. Gurudumu la mbele la pikipiki nyekundu liko hewani. Analizungusha kwa mkono. Linakwenda nusu mzunguko, linakwaruza, linasimama.

"Unasikia? Breki imeshika, wala hakuna aliyeibonyeza," anasema.

Eyðun ana miaka 61. Kwa miaka tisa amekuwa akitengeneza breki za namna hii nyumbani, tangu mgongo ulipomtoa kwenye kiwanda cha samaki. Visiwa vya Faroe havijawahi kupungukiwa chumvi. Inaingia kwenye kalipa, kile chuma kinachobana diski ya gurudumu, inakula pistoni, na breki ikishabana haiachii tena.

Kila majira ya machipuko hupokea pikipiki kumi na nne au kumi na tano. Malipo ni kroni mia tatu kwa gurudumu, na asiye nazo huleta paja la kondoo lililokaushwa.

"Mke wangu anasema bora paja. Kroni hazitafuniki," anatania.

Leo utani wake haufiki mbali. Pikipiki hii ilikuwa ya mdogo wake, Tummas, aliyekufa miaka kumi na moja iliyopita kwenye mteremko wa kuingia mjini. Aliyeileta ni Rannvá, binti wa Tummas, muuguzi wa miaka 23. Ameitoa bandani kwa mama yake, anataka kuiendesha. Amekalia ndoo iliyopinduliwa, kahawa mkononi, na hajui kwa nini baba yake mkubwa hajalegeza hata bolti moja.

"Baba mkubwa, umezeeka ghafla? Hiyo bolti unaibembeleza tangu nifike."

"Kunywa kahawa yako wewe."

Kalipa inatoka. Anaminya mkono wa breki polepole mpaka pistoni zinachungulia, kisha anazivuta. Ndani, raba inayozizunguka imevimba kama mkate uliolowa maziwa. Imefunikwa na utando wa njano, na harufu yake inajaza chumba. Kila aliyelelewa visiwani humu anaijua: mafuta ya sufu ya kondoo.

Mama yake Eyðun aliyapaka kila kitu, buti, bawaba, mikono iliyopasuka kwa baridi, na aliapa kwamba hakuna kutu inayoyashinda. Kwa chuma alisema kweli. Raba ya breki ni habari nyingine. Mafuta hayo huivimbisha kidogo kidogo, na siku moja pistoni ikitoka hairudi.

Rannvá ananusa. "Nani alipaka haya?"

Eyðun anaweka pistoni chini.

"Mimi," anasema. "Baba yako aliniletea, ilikuwa inashika kidogo tu. Nikaipaka, nikamwambia nenda, imepona. Wiki sita baadaye tukamzika."

Polisi waliandika kwamba barabara ilikuwa na utelezi. Hakuna aliyefungua breki. Majuto ni mjukuu, na ya Eyðun yalizaliwa miaka miwili baada ya mazishi, aliposoma kwenye kitabu cha ufundi jinsi mafuta hayo yanavyoivimbisha raba. Alikifunga kitabu, akanyamaza.

"Sijui kama ndiyo iliyomuua," anasema. "Wala sijui kama siyo. Kila breki ninayofungua, mwanangu, nafungua ile yake."

Rannvá analia bila kujificha. Anaweka kahawa sakafuni.

"Miaka kumi na moja umekula Krismasi mezani kwetu. Umekaa kwenye kiti chake."

"Nimekaa."

 Mikono ya Eyðun inarudi kazini kwa sababu haijui kwingine pa kwenda. Anakwangua mfereji wa raba kwa mswaki, anasugua pistoni mpaka zinang'aa, anaweka raba mpya na grisi halali ya breki. Anafunga, anatoa hewa kwenye mafuta ya breki, anabonyeza, anaachia. Gurudumu linazunguka kimya. Wote wawili wanalitazama mpaka linachoka lenyewe.

"Mama anajua?" Rannvá anauliza.

"Hapana."

"Basi Jumapili mvua ikikatika utapanda nyuma yangu. Tutashuka ule mteremko kwa breki ulizofunga wewe. Tukifika kwa mama utamwambia kwa mdomo wako. Mimi sikusemei."

Anaondoka bila kuaga. Eyðun hajapanda pikipiki tangu mdogo wake afe. Akiulizwa kama ataenda, anafuta vidole kimoja kimoja kabla ya kujibu.

"Nitaenda. Mteremko siuogopi, breki nimeifunga vizuri. Namwogopa shemeji yangu atakaponifungulia mlango, akafurahi kuniona."