Yaya, Ng'ambo ya Ziwa

Kwetu Kalemie mtu hamwiti kwa jina ndugu aliyemtangulia kuzaliwa. Awe mwanamume, awe mwanamke, ni yaya, basi. Ukithubutu kulitaja jina lake, wakubwa watakuuliza kama mlizaliwa mapacha, na hawaulizi ili wajibiwe. Dada yangu alinizidi miaka mingi, akanilea baada ya mama kufariki. Jina lake nililisikia padri akilisoma kanisani na makarani wakiliandika vibaya. Kinywani mwangu halikuwahi kupita, wala sikuona kama napungukiwa na kitu.

Niligundua mapema kwamba neno hilo si letu peke yetu. Yaya alikuwa akifua nguo kwa Mgiriki mmoja aliyeuza vitambaa karibu na stesheni, na nyumbani humo mlikuwa na bibi kizee aliyevaa nyeusi tupu hata kwenye jua la saa saba. Wajukuu zake walimwita yaya. Walilikaza mwishoni, kama mtu anayegonga mlango, lakini lilikuwa yaya lilelile, na kwao maana yake ni bibi. Siku ya kwanza nilikasirika kama mtoto aliyemwona mwenzake amevaa gauni lake. Dada yangu alicheka hadi akakaa juu ya beseni. Kizee mwenyewe, ambaye Kiswahili chake kilikuwa cha kununulia nyanya tu, alimnyooshea dada yangu kidole, akajinyooshea na yeye, akacheka kwa ufizi. Walipendana wale wawili, ingawa sidhani waliwahi kumaliza sentensi moja pamoja.

Kisha maduka ya wageni yakagawiwa wananchi, na Wagiriki wale wakaondoka na masanduku yao. Yaya akakosa kazi. Haukupita muda akaposwa na mfanyabiashara wa Kigoma, ng'ambo ya ziwa, mtu mpole aliyevusha sabuni kuja kwetu na kurudi na vitenge. Papa, baba yetu, alikubali. Mimi sikuulizwa, na ningeulizwa ningekataa.

Papa alikuwa dereva wa treni. Aliondoka kwenda Kabalo, na kurudi kulitegemea mafuta, injini na Mungu. Nilibaki peke yangu katika nyumba ya reli yenye vyumba viwili na redio isiyo na betri. Kwa mazoea nilisonga bukari ya watu wawili, nikala ya mmoja, iliyobaki nikawapa kuku wa jirani. Nilianza kuzungumza na sufuria. Nasema kweli, nilikuwa mpweke kiasi kwamba mtu akibisha kwa kukosea mlango nilimkaribisha kiti.

Nilipokuwa msichana mkubwa nilimwomba Papa ruhusa nikamsalimie Yaya. Moyoni sikwenda kusalimia. Nilikwenda kukaa kwake, nisirudi tena. Nilifunga nguo zangu zote. Papa aliutazama mfuko, akaona ukubwa wake, akanisindikiza hadi bandarini.

Kigoma nilimkuta Yaya uani kwa wakwe zake, watu wenye asili ya Tabora, amejifunga mtoto mgongoni na mwingine amemshika kanga. Nilimwita kwa sauti yangu yote. Wanawake wa nyumba ya pili wakainua vichwa juu ya ua. Mama mkwe wake akanipokea vizuri, akanipa maji, kisha akaniambia taratibu, "Mwanangu, huku kwetu yaya ni mtu wa kulipwa, wa kubeba watoto wa wenzake. Majirani watasema mwanangu ameoa mtumishi. Mwite dada."

Hakuwa na ubaya. Nami nikaitikia, ndiyo mama. Lakini dada lilikuwa neno la kila mtu. Muuza dagaa aliitwa dada, na msichana wa kazi wa jirani naye aliitwa dada. Kulitaja jina lake ulimi wangu ulikataa. Basi nikawa simwiti kabisa. Nikimhitaji, niliondoka nilipokaa nikamfuata alipo, nikasimama mbele yake hadi anitazame.

Kwa kumfuatafuata hivyo niliona mengi. Alikuwa wa kwanza kuamka. Aliwaogesha watoto wake, akawaogesha na wa mawifi zake, akapika, akafua, akachota, akala akiwa amesimama. Mume wake alikuwa safarini siku zote. Mama mkwe alikuwa ameogopa bure maneno ya majirani, kwa sababu majirani walikuwa na macho. Neno lile alilonikataza lilimkaa dada yangu sawasawa, kasoro mshahara.

Siku ya tatu mama mkwe alinifunga mtoto mchanga mgongoni, akasema, "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe." Sote tulicheka. Nilicheka kweli, nikidhani nimeshapata nafasi nyumbani humo.

Jioni, tukiwa bombani, nikamwambia dada yangu, "Mi nataka nibakie hapa na we."

"Hapana. Rudia kwa Papa."

"Papa hayuko. Iko nyumba tu."

Aliendelea kusugua nepi. Mikono yake ilikuwa imepasuka kwa sabuni. "Ukibakia, ugeni utaisha," akasema. "Leo wamekupa mutoto. Kesho watakupa beseni. Muntu mumoja anatosha humu ndani."

Nilimkasirikia. Nilirudi na ndoo yangu mbele, sikumsubiri. Nilijiona nimefukuzwa na mtu pekee niliyekuwa naye duniani.

Asubuhi ya kuondoka alinisaidia kufunga mfuko nyuma ya jiko, tukiwa wawili tu. Alikaza fundo, akalifungua, akalikaza tena.

"Niite," akasema.

"Nikuite namna gani?"

"Unajua."

Nikamwita, chini chini, yaya. Akaitikia "Eee," ndefu, kama mtu aliye chumba cha pili, na hali tulikuwa tumegusana mabega.

"Tena."

Nikaita tena, akaitikia tena, akafumba macho. Hapo ndipo hasira ilinitoka. Mchana kutwa watu walimwita, kwa vyeo vyote vya mke na mkwe na mama. Lakini tangu avuke ziwa hakuwa amemtangulia mtu yeyote kuzaliwa. Nilikuwa nimebeba upweke wangu hadi Kigoma nikidhani ni mali yangu peke yangu, kumbe wake ulikuwa umejaa watu.

Nikamwita mara ya tatu, bila kuombwa. Hakuitikia. Mama mkwe alikuwa ameita kutoka ndani, na miguu ya Yaya ilikwisha kwenda.