Bibi Unga na Benchi la Nyuma

Alizaliwa katika chumba cha nyuma cha duka la mikate, mwaka ule mto ulipofurika, na kwa kuwa pua yake haikukosa unga tangu utotoni, watu wote walimwita Bibi Unga. Alibatizwa angali mchanga, akapata kipaimara, akaolewa na fundi viatu, akafiwa naye mapema. Ndipo kanisa likampa kazi ya kuoka mkate wa Meza ya Bwana, ule mwembamba usiotiwa chachu. Aliuoka kila Jumamosi mchana huku akiimba.

Lakini mwenyewe hakuula. Baada ya msiba aligombana na wifi yake juu ya cherehani ya marehemu mumewe, akamtolea maneno mazito. Walisameheana, ila moyoni akasema: nitakaribia nikishatakata. Miaka ikapita. Wenzake wakiinuka kwenda madhabahuni, yeye alibaki benchi la nyuma, akidhani ndiyo kumheshimu Bwana.

Wifi ndiye aliyemwona, akamfuata jikoni. "Wifi, sisi unatuokea, we mwenyewe huli?"

"Mikono yangu haijatakata, wifi yangu."

"Makubwa! Na mkate unaukanda kwa miguu?"

Wakacheka mpaka unga ukaruka. Kisha wakaenda kwa mchungaji, mzee mpole mwenye masikio mazito. Akamwuliza, "Siku ya ubatizo wako, ulimletea Mungu nini?"

"Sikuleta kitu, baba. Nililia tu."

"Basi njoo vivyo hivyo. Bwana alisema, 'kwa ajili yenu.' Hakusema, kwa ajili ya waliokwisha kutakata."

Jumapili ile alipiga magoti kando ya wifi yake, akala. Tangu hapo, aliyebaki nyuma kwa aibu alimwona Bibi Unga akisogea, akimshika mkono: "Twende, mwanangu. Mimi nilichelewa, inatosha." Mlevi wa sokoni alikwenda hivyo, na mama aliyemtupia mumewe sufuria. Ajabu tunayoikumbuka ni hii: ibada baada ya ibada, benchi la nyuma lilibaki tupu.

Uzeeni, alipolala kitanda cha mwisho, mchungaji alimletea Meza nyumbani. Mkate ulikuwa umeokwa na wifi, aliyekaa kando ya kitanda. Akautazama, akatabasamu. "Wifi, umeunguza." Akaula wote, akalala kwa amani.

Hatumwombi Bibi Unga, maana mwombezi wetu ni Kristo peke yake. Tunamshukuru Mungu kwa ajili yake, na tumwige. Jumapili, kabla hujainuka, geuka kwanza utazame nyuma.