Madaftari ya Wagonjwa wa Elburgon

Mwaka wa 2007 nilikuwa nikifundisha mambo ya kompyuta na rekodi za afya katika chuo kimoja cha Nakuru, na wanafunzi wa mwaka wa mwisho walinijua kwa kalamu nyekundu na ulimi mkali. Siku za kusahihisha miradi walipanga foleni nje ya ofisi yangu, rasimu mkononi. Niliipenda foleni ile, sitadanganya. Ilinifanya nijione mtu.

Miongoni mwao alikuwa msichana wa Elburgon, binti wa mpasua mbao. Mradi wake ulikuwa wa kuweka kwenye kompyuta rekodi za wagonjwa wa kifafa katika kliniki moja ndogo huko kwao. Hadi wakati huo kila mgonjwa alikuwa na daftari lake, lile la shule lenye jedwali la kuzidisha nyuma, alilojinunulia dukani. Daktari aliandika humo dawa na kipimo, mgonjwa akarudi nalo nyumbani, akalihifadhi anapojua mwenyewe. Mengi kati ya aliyoniletea ofisini kama mfano yalikuwa yamejaladiwa kwa magazeti na kunuka moshi. Katika moja nilikuta hesabu za mtoto katikati ya kurasa za dawa, tena amezikosa zote.

Niliyachukia papo hapo. Nikamwambia akusanye madaftari yote, aingize kila kitu kwenye mfumo, na mgonjwa abaki na kadi ndogo yenye nambari tu.

“Madam, si tuwaachie tu book zao?” akasema. “Computer ikae na yake, na wao wakae na zao.”

“Na siku rekodi moja ikisema vidonge viwili na nyingine vitatu, utaamini ipi?”

“Lakini ni zao, Madam. Walizinunua.”

“Wewe unafanya mradi wa kompyuta ama wa stationery?”

Wenzake waliokuwa mlangoni wakacheka. Alikuwa ameandika aya nzima ya kutetea madaftari; nikaipiga mstari kutoka kona hadi kona. Kliniki nayo, kwa kuwa mapendekezo yalitoka chuoni, ilikubali bila maswali. Madaftari yakatiwa kwenye katoni, katoni ikawekwa stoo. Mwezi wa kumi na moja nilienda kuukagua mfumo. Ulifanya kazi vizuri. Wakaninywesha chai, nikarudi Nakuru na karoti za kupewa, nimefurahi kweli.

Kisha uchaguzi wa Desemba ukaja, na ghasia zilizofuata kila mtu wa upande huu anazijua. Nyumba za majirani wa kliniki zilichomwa, moto ukaila stoo. Kompyuta ilibebwa na watu wasiojulikana, pamoja na kabati lililokuwa na CD ya nakala. Mwanafunzi wangu hakuwa na nakala nyingine, kwa sababu mimi mwenyewe nilikataza taarifa za wagonjwa zitoke nje ya kliniki. Kwa hilo sijilaumu. Najilaumu kwa lile lingine.

Januari, jamaa zake walikuwa katika kambi ya waliokimbia makwao, kwenye uwanja wa maonyesho hapa Nakuru, naye akawa anasaidia katika hema la matibabu. Akanipigia simu.

“Madam, kuna mathe hapa wa clinic yetu. Ako na kadi.”

Nilienda. Alikuwa mama wa makamo, muuza viazi. Alifungua pindo la leso akatoa kadi yetu, safi, haijakunjika hata kidogo. Alikimbia bila sufuria wala viatu, lakini kadi aliibeba.

“Unakunywa dawa gani, mama?” muuguzi akauliza.

“Zile nyeupe.”

“Ngapi?”

“Walikuwa wananiongezea pole pole. Iko kwa book.” Akamgeukia mwanafunzi wangu, bila hasira yoyote. “Si mlichukua?”

Kipimo kile kilikuwa kimetafutwa kwa miezi mingi. Muuguzi hakuwa na la kufanya ila kuanza upya kutoka chini. Siku nne baadaye mama alianguka kifafa akiwa jikoni, mkono wa kulia ukaingia motoni hadi kiwiko. Nilikwenda kumwona na machungwa. Nilitaka kumwambia kwamba wazo lile lilikuwa langu. Badala yake nilimmenyea chungwa moja, nikaondoka.

Nilizoea kuwaambia wanafunzi kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mkuu asiyesikia la mdogo, nimejifunza, huvunja guu la mtu mwingine.

Chuo kilipofunguliwa, mtahini wa nje alikuja kuwasikiliza wakitetea miradi yao. Msichana alieleza kila kitu, hata moto, hata mkono wa yule mama. Mtahini akavua miwani.

“Nani aliamua wagonjwa wanyang'anywe madaftari?”

Nilikuwa nimeketi kando yake, kalamu mkononi. Msichana hakunitazama.

“Ni mimi, sir.”

“Na haukufikiria ingekuwaje mashine ikipotea?”

“Sikufikiria vizuri, sir.”

Jibu lilikuwa mdomoni mwangu, lote, limeshapangika. Nilijua kwamba alama za siku ile ndizo zingeamua kama angepata nafasi ya kuendelea na masomo, kitu alichokuwa amekitamani tangu mwaka wa kwanza. Mtahini akasubiri kidogo, labda akinipa mwanya, kisha akaandika. Karatasi ikaletwa kwangu nitie sahihi. Alama zilikuwa za kupita tu. Nikatia.

Nilipotoka nilimkuta ananingoja nje ya mlango. Nilijua nastahili kuambiwa kitu, nikasimama nikisubiri. Akaninyoshea mkono.

“Thank you, Madam, kwa kunisimamia.”

Nikamwambia, “Karibu.”