Kofia ya Mtani na Bunduki ya Baba

Nilianza kwa kuiba kofia. Naungama mapema, msije mkasema nimeficha: ndani ya duka la bunduki kule Dar es Salaam, mbele ya baba yangu mzazi, nilimvua kofia mchukuzi wa Kinyamwezi nikaivaa mimi.

Sisi Wazaramo, Wanyamwezi ni watani wetu. Mtani unaweza kumwambia kaburi lake umeshalichimba, naye haruhusiwi kukasirika. Ila ukichukua chake, atachukua chako, na harudishi mpaka umkomboe. Kila mtoto wa kwetu Maneromango analijua hilo. Na mimi nililijua, basi tu kofia ilikuwa nzuri.

Safari ile haikuwa ya mzaha. Nguruwe mwitu walikuwa wamefukua muhogo wetu wote, tumebakiwa na kipande kimoja cha shamba kando ya kijito, na hicho ndicho chakula chetu mpaka masika. Mama alikesha juu ya dungu la kulindia shamba akipiga debe na kupayuka, nguruwe wakamzoea; nadhani walikuwa wanalicheza lile debe. Baba, aliyekuwa askari wa Keya vitani, alisumbuana na boma la Kisarawe miezi na miezi hadi akapata kibali cha bunduki moja. Asubuhi tunaondoka mama alimwambia kwa sauti iliyokauka, "Leo leo urudi nayo. Koo langu limekwisha."

Lori likapita vilimani Kisarawe katikati ya ukungu, mikorosho ikitokea na kuyeyuka kama inafikiri kwanza. Nikalala, nikaamka, nikalala. Hata duka lenyewe sijui kama niliingia nikiwa macho. Lilikuwa giza la ubaridi lenye harufu ya grisi, na bunduki zilizobaki vitani zimesimama safu kwa safu kama watu waliosinzia wakingoja kuitwa majina. Baba alizichukua moja moja, akiweka shavu kwenye mti wa kitako na kufumba macho.

"Bwana, unanunua au unalala?" akauliza Mhindi mwenye duka.

"Natafuta iliyochoka kuua watu," baba akajibu.

Akaipata. Kwenye kitako mtu alikuwa amechonga samaki mdogo kwa kisu. Baba akampapasa yule samaki, akalipa, mchukuzi akaanza kuifunga bunduki kwa gunia. Ndipo nikainyakua kofia.

"Mtani, marehemu havai kofia! Nakurithi ungali na joto!"

Mchukuzi akaacha kufunga gunia. Aliikumbatia bunduki kama mtoto mchanga. "Na mimi nimechukua cha mtani."

Nikairudisha kofia mbio. "Umeshaivaa," akasema.

"Mtani, lori linaondoka adhuhuri," baba akamsihi.

"Liende salama. Nikomboe."

"Nikupe nini?"

Akaniangalia kama mtu anayechagua kuku. "Nipe huyu mwizi. Afute grisi safu ile yote, ndipo muondoke."

Kumkasirikia mtani ni aibu. Baba akacheka, kwa meno tu.

Nikafuta. Tambara lilikwenda na kurudi, na kila kitako kilichokuwa cheusi kikatoa rangi yake. Kwenye kimoja nikakuta mistari midogo, kama siku zilizohesabiwa. Kwenye kingine, alama ya jino. Nikawaona wenyewe, askari wa bunduki zile, wakipita ndani ya mvua ya nchi nisiyoijua, kila mmoja akinigeuzia uso, hakuna aliyecheka mzaha wangu. Honi ya lori ilinifikia kwa mbali sana. Nilidhani ni yao.

Lori likatuacha; tukafika nyumbani siku ya pili, jua limepanda. Mama alikuwa ameketi chini ya dungu, debe limelala miguuni. Nyuma yake matuta yote yamepinduliwa, hata shina moja halikusimama.

"Hukupiga debe?" baba akauliza.

"Nilinyamaza," mama akanong'ona, "nisikie bunduki ikija."

Baba akaitua bunduki taratibu, akasimulia yote, kofia na grisi. Nikaificha mikono mgongoni, lakini harufu haifichiki. Mama akaniangalia, akasema:

"Nguruwe hula usiku tu. Wewe unakula mara tatu kwa siku. Na bunduki sasa tunayo."