Uso wa Mama Kwenye Picha ya Bikira Maria

Nilipiga yowe kanisani, mtu mzima mwenye mvi. Nilikuwa nimepiga magoti mbele ya picha mpya ya Bikira Maria, kwenye kituo kimoja cha hija upande wa Masumbwe. Nilipofumbua macho, Bikira mwenyewe alikuwa amesimama pembeni yangu na kanga yake, uso ule ule, hadi kovu la shavuni.

"Shikamoo," nikamwamkia.

"Marahaba."

Nimetembea nchi nyingi, sijawahi kuamkia mtakatifu akaitikia.

Padri akanieleza. Mtoto wa mama huyu, mchimbaji dhahabu, alifukiwa shimoni akaokolewa. Kwa shukrani akaitoa picha ile kanisani, na mchoraji alikuwa amempa sura ya mama yake aige. Sasa mama amekuja kutaka ishushwe.

"Mama, ni heshima hiyo," Padri akambembeleza.

"Padri, kwetu anayeombwa ni aliyekwisha kufa. Mimi nina mpunga haujapaliliwa, mnaniwashia mishumaa. Mmeshanizika."

Nami kimbelembele nikadakia, "Lakini umependeza, mama."

Akanigeukia taratibu. "Mama yako yu hai?"

"Yu hai."

"Basi shusha huyu, umtundike wa kwako."